Udhalilishaji wa Kijinsia na Afya ya Msichana: Madhara Yasiyokwisha kwa Siku Moja

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wa Unguja na Pemba wanafahamishwa kwamba udhalilishaji wa kijinsia, ambao kwa muda mrefu umezungumzwa kuwa ni jambo la tabia na adabu peke yake, ni jambo la afya vilevile. Msichana anayeshikwashikwa ndani ya daladala, anayetupiwa maneno ya upujufu njiani akienda skuli, au anayeambiwa na mkubwa wake wa kazi kwamba atathibitishwa iwapo "ataelewana naye", huenda asitoke na jeraha lolote la kuonekana. Hata hivyo, mwili wake huwa umeandika. Yaliyoandikwa huweza kusomeka baada ya miaka kumi au ishirini, kwa sura ya presha, ukosefu wa usingizi, maumivu ya kichwa yasiyokwisha au huzuni ambayo mwenyewe hajui ilipoanzia.

Kabla ya kuendelea, inafaa ifahamike ni kitu gani kinachozungumzwa. Udhalilishaji wa kijinsia ni kila neno, ishara, picha, mguso au sharti lenye maana ya kimwili ambalo anayefanyiwa hakulitaka, na ambalo humvunjia hadhi yake au humtia khofu. Haumaanishi kubaka peke yake. Kubaka ni jinai kubwa ambayo wananchi wengi wanaitambua. Lakini kabla ya kufikia huko kuna mlolongo mrefu wa mambo ambayo watu huyaita mzaha. Wapo wanaosema kwamba utani ni katika mila zetu. Ni kweli, lakini utani una wenyewe. Mabinamu hutaniana, babu hutaniana na mjukuu, na watu wa makabila yenye utani huambiana maneno makali wakacheka. Sharti la utani ni kwamba anayetaniwa naye ana haki ya kujibu kwa kipimo kilekile, na hakuna anayelala na khofu. Msichana wa miaka 19 anayeambiwa neno la fedheha na mkuu wa kitengo hana haki hiyo. Akijibu ataitwa mtovu wa adabu, na akinyamaza ataonekana ameridhia. Huo si utani.

Sasa ni vipi neno, au mkono uliowekwa begani kwa dakika moja, huweza kufika kwenye mishipa ya damu? Mwili wa binaadamu umeumbwa na njia yake ya kujihami. Mtu anapokutana na hatari, ubongo hupeleka amri kwenye tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, na tezi hizo hutoa homoni za adrenalini na kortisoli. Moyo huenda mbio, mishipa ya damu hukaza, sukari hupanda katika damu, misuli hujikaza, na kazi ya tumbo hupunguzwa ili nguvu zote ziende kwenye kukimbia au kupambana. Hatari ikishapita, amri huondolewa na mwili hurudi katika utulivu wake. Njia hii ni neema kwa mtu aliyekutana na nyoka shambani.

Udhalilishaji haufanani na nyoka. Nyoka hupita. Lakini mwalimu yuleyule huingia darasani kila siku, mkubwa wa kazi yuleyule hukaa chumba cha pili, na kijana yuleyule wa barazani hungoja pale pale njiani. Msichana huanza kuogopa kabla jambo halijatokea: huogopa usiku kwa ajili ya asubuhi, na Jumapili kwa ajili ya Jumatatu. Kwa hivyo mwili hauondolewi amri. Ni mfano wa mashine ya kuvutia maji iliyowashwa ikaachwa ivute usiku na mchana. Haiharibiki siku ya kwanza, wala ya pili, lakini hakuna fundi atakayestaajabu ikiungua baadaye. Presha inayopanda kila siku kwa saa kadhaa huizoesha mishipa kukaza. Kortisoli iliyozidi huvuruga usingizi, na usingizi uliovurugika nao huipandisha presha. Misuli ya shingo na mgongo isiyolegea huleta maumivu. Tumbo lililozoea kusimamishwa kazi huanza kusokota, kujaa gesi au kukataa chakula.

Kwa upande wa akili, madhara yanayojulikana zaidi ni wasiwasi uliopindukia, sonona, na hali ambayo madaktari huiita msongo wa baada ya kiwewe. Mwenye hali hiyo huyaona tena yaliyomtokea bila ya kutaka, hushtuka kwa sauti ndogo, hukwepa mahali na watu wanaomkumbusha, na huota ndoto mbaya. Baadhi ya wasichana huacha kula vizuri au hula kupita kiasi. Wengine huanza kuuchukia mwili wao wenyewe, kama kwamba mwili huo ndio uliokosa. Wengine hushindwa, hata baada ya kuolewa na mume mwema, kustahamili kuguswa. Jambo hili la mwisho halizungumzwi hadharani, na ndoa nyingi huenda zinaumia kwa sababu ambayo wanandoa wote wawili hawajaitambua.

Umri nao una hukumu yake. Ubongo wa binaadamu unaendelea kukomaa mpaka kufikia katikati ya miaka ya ishirini, hasa sehemu inayohusika na kutuliza khofu na kupima mambo. Aidha, huo ndio wakati ambapo msichana anajijengea picha ya nafsi yake: ana thamani gani, anaweza kazi gani, nani wa kumwamini. Mtu mzima mwenye miaka ishirini ya kazi akidhalilishwa huumia, lakini anayo mizani ya kupimia. Anajua kwamba ofisi zote haziko hivyo. Msichana aliye katika kazi yake ya kwanza hana mizani hiyo. Huchukulia kwamba hivyo ndivyo dunia ilivyo, na kwamba kasoro ni yake.

Haya si maneno ya kukisia. Nchini Marekani, katika mji wa St. Paul wa jimbo la Minnesota, watafiti waliwaandikisha wanafunzi wapatao 1,000 mwaka 1988, wakiwa na umri wa miaka 14 na 15, na wakaendelea kuwafuata mpaka utu uzimani. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2011 yalionesha kwamba waliodhalilishwa kijinsia kazini wakiwa vijana walikuwa na dalili zaidi za sonona hata walipofika miaka thelathini, muda ambao wengi wao walikuwa wameshaziacha kazi hizo. Uchunguzi mwengine wa kundi hilohilo, uliotolewa mwaka 2017, uliangalia riziki. Wanawake waliodhalilishwa walikuwa na uwezekano wa mara 6.5 zaidi wa kubadilisha kazi kuliko wenzao, na wengi wao walianza upya kwa mshahara mdogo. Umasikini unaotokana na kukimbia kazi ni mlango mwengine wa maradhi.

Huko Norway, uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 kwa wanafunzi wa sekondari wapatao 3,000 uliangalia udhalilishaji usiokuwa na mguso hata kidogo: maneno, uvumi, picha, matusi juu ya umbile la mwili. Waliofanyiwa hayo walikuwa na wasiwasi zaidi, sonona zaidi, na walijiona wabaya wa sura, hata baada ya kutenganishwa na wale waliopatwa na makubwa zaidi. Wasichana ndio walioumia zaidi. Wazee wanaosema "maneno matupu hayavunji mfupa" wanaombwa kulizingatia hilo, hasa katika zama hizi ambapo picha ya msichana huweza kutumwa kwenye simu za skuli nzima kabla hajafika nyumbani.

Uchunguzi unaostahili kuelezwa kwa urefu ni ule wa mji wa Pittsburgh, Marekani, uliochapishwa mwaka 2018. Watafiti waliwachukua wanawake 304 wenye umri wa baina ya miaka 40 na 60, wasiovuta sigara na wasiokuwa na historia ya maradhi ya moyo. Hawakutosheka na kuwauliza tu. Waliwapima presha, urefu na uzito. Wanawake 19 katika kila 100 walisema wamewahi kudhalilishwa kijinsia kazini, na 22 katika kila 100 wamewahi kuingiliwa au kushambuliwa kwa nguvu. Miongoni mwa wanawake ambao hawakuwa wakitumia dawa za presha, waliowahi kudhalilishwa kazini walikuwa na uwezekano uliozidi maradufu wa kukutwa na presha ya kupanda. Usingizi wao pia ulikuwa mbaya zaidi. Wale walioshambuliwa kwa nguvu walionesha zaidi sonona na wasiwasi. Jambo moja katika matokeo hayo linafaa kuwashughulisha wakuu wa idara: wanawake waliodhalilishwa kazini walikuwa na elimu kubwa kuliko wenzao, lakini walikuwa na shida zaidi ya fedha.

Msomaji makini atauliza: pengine presha ilitangulia? Au pengine mtu mgonjwa hukumbuka mabaya zaidi? Swali hilo ni la haki, na uchunguzi wa mara moja kama ule wa Pittsburgh hauwezi kulijibu peke yake. Ndiyo maana mwaka 2022 ulitolewa uchunguzi mwengine wa Marekani uliowahusu wanawake 33,127, wengi wao wauguzi, ambao hawakuwa na presha mwaka 2008 na walifuatiliwa mpaka mwaka 2015. Waliowahi kudhalilishwa kazini walikuwa na hatari ya kupata presha iliyozidi kwa asilimia 15 ukilinganisha na wasiopatwa na jambo lolote. Waliopatwa na udhalilishaji wa kazini pamoja na shambulio la kijinsia, hatari yao ilizidi kwa asilimia 21. Asilimia 15 huweza kuonekana ndogo. Lakini presha ni maradhi ya watu wengi, nayo ndiyo mama wa kiharusi, maradhi ya moyo na kufa kwa figo. Ongezeko dogo katika jambo kubwa si dogo. Na nchini Sweden, watumishi zaidi ya 86,000, wanaume kwa wanawake, walifuatiliwa katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2020, na wale waliosema wamedhalilishwa kijinsia kazini walionekana kuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujiua au kujaribu kujiua.

Ni lazima isemwe wazi kwamba si kila msichana aliyedhalilishwa huugua, wala si kila mwenye presha aliwahi kudhalilishwa. Chumvi, unene, kurithi na umri vina sehemu yao. Kinachosemwa ni kwamba udhalilishaji ni mzigo unaoongezwa juu ya mizigo mingine, na kwamba mzigo huu, tofauti na umri na kurithi, unaweza kuondolewa na watu.

Kwa upande wa Tanzania, uchunguzi wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto ulifanywa mwaka 2009 kwa vijana wa miaka 13 hadi 24, na matokeo yake yakatolewa mwaka 2011. Karibu wasichana 3 katika kila 10 walisema walipatwa na angalau tukio moja la ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na tukio lililotajwa zaidi lilikuwa ni kushikwashikwa. Kwa Zanzibar idadi iliyopatikana ilikuwa ndogo zaidi, takriban 6 katika 100 kwa wasichana na 9 katika 100 kwa wavulana. Idadi hiyo haifai kuwa sababu ya kujipongeza. Kwanza, inatukumbusha kwamba watoto wa kiume nao wamo, jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii. Pili, idadi ya aina hii huhesabu waliokubali kusema, na visiwani kusema ni kazi.

Ugumu wa kusema una jina, nalo ni muhali. Mtendaji ni ami, ni jirani, ni ustadhi aliyemfundisha kaka yake, ni mkubwa aliyemtafutia baba kazi. Mama huambiwa na husema: "Mwanangu, funika kombe mwanaharamu apite." Sitara ni jambo tukufu, na hakuna anayetaka heshima ya msichana itangazwe sokoni. Lakini inafaa kuulizwa ni nani hasa anayesitiriwa. Mara nyingi anayesitiriwa ni mtendaji, na msichana huachiwa siri ambayo mwili wake ndio unaoibeba. Tena mtendaji aliyesitiriwa hurudia kwa mwengine.

Matokeo yake huonekana katika vituo vya afya, ingawa hayaandikwi hivyo katika daftari. Mwanamke wa miaka 40 huja na presha, akapewa vidonge. Mwezi wa pili huja na kichwa, mwezi wa tatu na tumbo, na vipimo vyote huonesha salama. Msichana wa kidato cha tatu huanguka darasani, au hushindwa kupumua kila asubuhi ya siku ya somo fulani. Jamaa humpeleka kusomewa dua, jambo lenye faraja yake na halina wa kulikataza. Lakini kama anarudishwa darasani kwa yuleyule anayemdhuru, dua imeombewa mtu huku moto unaomuunguza haujazimwa. Daktari, muuguzi na mwalimu wa nasaha wana njia nyepesi: kumuuliza akiwa peke yake, kwa sauti ya chini, iwapo kuna mtu nyumbani, skuli au kazini anayemtia khofu. Swali hilo halihitaji mashine wala bajeti.

Ofisi za Serikali zinahusika kwa namna mbili, kwa kuwa zimeajiri wasichana wengi na kwa kuwa zina wakubwa wenye mamlaka juu ya mkataba, safari, mafunzo na likizo zao. Mfano ufuatao si wa ofisi yoyote maalumu. Karani mpya wa masjala, aliyekuwa akifika kabla ya saa moja na nusu, anaanza kuchelewa. Anaomba ruhusa za ugonjwa mara kwa mara. Hapeleki tena majalada mwenyewe katika chumba fulani, humwomba tarishi. Baada ya miezi sita anaomba uhamisho kwenda kisiwa cha pili "kwa sababu za kifamilia". Afisa utumishi ataandika kwamba ni mvivu, au kwamba hakutulia kazini. Afisa mwenye kuona mbali atajiuliza kwanza ni chumba gani hicho ambacho karani hataki kuingia, na nani anakaa ndani yake. Serikali iliyomsomesha msichana huyo kwa miaka kumi na mbili au zaidi ina haki ya kulijua jibu.

Sheria ipo. Kwa Tanzania Bara, udhalilishaji wa kijinsia ulitajwa kuwa kosa la jinai na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ikaifanya rushwa ya ngono kuwa kosa kwa mwenye mamlaka anayeidai. Kwa Zanzibar, makosa ya kijinsia yamo katika Sheria ya Adhabu Namba 6 ya mwaka 2018, na Sheria ya Mtoto Namba 6 ya mwaka 2011 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18. Mahakama maalumu ya kesi za udhalilishaji ilianzishwa mwaka 2021. Lakini sheria huja baada ya jambo kusemwa, na ukurasa huu unahusu afya. Kwa hivyo lililo muhimu ni nini kinachomponya msichana.

La kwanza ni kuaminiwa. Mtu wa mwanzo kuambiwa, awe mama, shoga, mwalimu au mkubwa wa kazi, ana dawa mkononi mwake bila ya kujua. Akisikiliza bila ya kukatiza, akasema "nimekuamini, na kosa si lako", mzigo hupungua hapo hapo. Akiuliza "ulivaa nini?" au "ulifuata nini huko?", jeraha huwa mawili. La pili ni kuondolewa katika hatari, na anayehamishwa awe mtendaji, si msichana. Kumhamisha msichana ni kumwadhibu. La tatu ni matibabu yenyewe. Sonona, wasiwasi na msongo wa baada ya kiwewe ni maradhi yanayotibika kwa mazungumzo ya utaratibu na mshauri aliyesomea, na penye haja kwa dawa. Mwanamke aliyepatwa na mambo haya zamani, hata kama ni miaka ishirini iliyopita, naye hajachelewa: apimwe presha yake kila anapofika kituoni, na akiweza amweleze daktari yaliyompata, ili atibiwe mtu na sio namba iliyo kwenye kipimo.

Huduma hizi hutolewa katika vituo vya Mkono kwa Mkono, ambavyo cha kwanza kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011. Katika vituo hivyo daktari, askari wa polisi na mshauri nasaha huwa mahali pamoja, ili aliyedhulumiwa asilazimike kukieleza kisa chake katika ofisi tatu mbele ya watu. Kwa habari za watoto, simu ya msaada kwa mtoto ni namba 116 na haina malipo. Aliyeingiliwa kwa nguvu afike kituoni siku hiyohiyo kabla ya kuoga na kabla ya kufua nguo zake, kwani dawa za kukinga virusi vya UKIMWI hufaa tu zikianzwa ndani ya saa 72, na zikianzwa mapema zaidi ndiyo bora.

Aliyedhalilishwa kwa maneno, ishara, ujumbe wa simu au mguso anashauriwa kuandika siku, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na aliyekuwepo, wala asiufute ujumbe aliotumiwa. Aandike tukio moja moja kila linapotokea, kwa mkono wake mwenyewe, na karatasi hizo aziweke nyumbani au kwa mtu anayemwamini, si katika saraka ya meza ya kazini.